Mjomba wa Kimbunga

Habari ile ililetwa Bigwa, pembeni ya mji wa Morogoro, na Twalibu fundi simu, na kama ingeletwa na mtu mwingine yeyote isingeaminiwa. Twalibu si mtu wa uzushi. Kutwa nzima anatengeneza simu za watu huku anasoma Kiingereza kwenye ya kwake, na mambo ya Marekani anayajua kuliko ya nyumba ya pili. Siku ile aliingia banda la video uso umemshuka kama ametoka kuzika. Akatangaza kwamba zile kampuni mbili zilizokuwa zikitengeneza filamu za Kimbunga kwa ushirika zimegombana na kuachana. Moja imeondoka na Kimbunga, nyingine imebaki na Wale Saba. Kuanzia sasa hawataonekana tena pamoja, na Kimbunga hatakaa amwone tena Mjomba.

Hamza wa bodaboda, ambaye hata msibani huwa haachi kutania, alivua kofia.

Asiyekaa Bigwa inabidi aelezwe. Kimbunga ni kijana wa kwenye sinema mwenye uwezo wa kuita upepo ukamtii. Wale Saba ni mashujaa wenzake, na mkubwa wao ni mzee mmoja mrefu anayechechemea, ambaye alimpokea kijana alipokuwa hana pa kwenda na akamfundisha kuitumia nguvu yake bila kubomoa nyumba za watu. Huko alikotoka mzee huyo ana cheo cha kijeshi na jina refu. Bigwa anaitwa Mjomba, na hajawahi kuwa na jina jingine.

Aliyempa jina hilo ni Mwanvita, ambaye wengi wanamwita Mama Raya kwa jina la bintiye. Asubuhi anakaanga vitumbua njiani watu wanakoshukia kutoka milimani, na jioni anakaa pembeni ya skrini kwenye banda la Abdulatif, maiki mkononi, anafasiri filamu. Sauti ya filamu inapunguzwa, yake inapandishwa, na kuanzia hapo kila anayefungua mdomo kule mbele, polisi, jambazi, mchumba au jini, anasema kwa kinywa cha Mwanvita. Wafasiri wengi mjini ni wanaume wenye mikwara, wanaofoka mwanzo mpaka mwisho. Mwanvita hafoki. Akitaka uogope anashusha sauti, na banda zima linainama mbele kumsikiliza.

Kiingereza alikiokota Mazimbu akiwa mtoto, enzi wale wakimbizi wa Afrika Kusini wana shule yao pale. Mama yake alikuwa mpishi jikoni kwao, na yeye alicheza na watoto wao mpaka akawa anagombana kwa lugha yao. Lakini Kiingereza sicho kilichompa maiki. Abdulatif alimpa maiki kwa sababu aligundua kwamba watu waliotazama filamu jana walikuwa wakija kununua vitumbua ili Mwanvita awasimulie tena, na walikuwa wakiondoka wamefurahi kuliko walivyotoka bandani.

Sasa hilo la Mjomba lilianza hivi. Katika filamu ya kwanza kabisa, nyumba ya kina Kimbunga inaporomoka na mama yake anabaki chini ya kifusi. Anamwangalia mwanawe, anasema neno moja tu: kimbia. Mwanvita alilifasiri neno hilo kama lilivyo. Lakini yule mama aliendelea kumtazama mtoto, mdomo uko wazi, machozi yanashuka, na Mwanvita hakuweza kuvumilia mama afe bila kusema mtoto aende wapi. Akaongeza: "Nenda kwa mjomba wako." Kwa hiyo mzee anayechechemea alipotokea na kumshika kijana bega, angekuwa nani mwingine? Banda zima lilishusha pumzi. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu hapa hakuna cha kuuliza. Kwa Waluguru, wenyeji wa hapa, mtoto ni wa lukolo lwa mama yake, yaani ukoo wa upande wa mama. Baba yupo na anaheshimiwa, lakini likitokea la ndoa, la shamba au la mazishi, swali la kwanza ni mjomba yuko wapi.

Na sauti ile ya Mjomba, nzito, ya polepole, yenye kikohozi kidogo kabla ya jambo la maana, hakuitunga. Ilikuwa ya mjomba wake mwenyewe, Salehe, mkulima wa mpunga Dakawa. Mama yake Mwanvita alipofariki, watu walikuwa bado wanashauriana mtoto akae na nani, Salehe akafika na baiskeli, akafunga kifurushi cha nguo za mtoto nyuma, na ushauri ukaishia hapo. Alimlea mpaka akamwozesha. Sasa naye amekwisha kutangulia, na mahali pekee anapoongea tena ni kwenye banda la Abdulatif. Mwanvita hakuwahi kumwambia mtu hilo. Alikuwa akilitunza, na kila filamu ya Kimbunga ilipokuja alikuwa anapika vizuri siku hiyo.

Basi, kampuni zimeachana. Watu wa Bigwa wana kipaji cha kuamua mambo yasiyowahusu, na hili waliliona linawahusu. Kufikia kesho yake walikuwa wamegawanyika. Upande mmoja ulisema wenye hati za Kimbunga ndio wenye Kimbunga, tumfuate kijana popote aendako. Upande wa pili uliapa kutoitazama filamu yoyote ambayo Mjomba hayumo. Marafiki waliokuwa wakikaa benchi moja wakaanza kukaa mbalimbali. Hamza alibandua picha ya Kimbunga kwenye pikipiki yake asubuhi, akaibandika tena jioni, na akaapa kwamba aliibandua ili aioshe. Wengine waliingia kwenye ukurasa wa ile kampuni mtandaoni wakaandika kwa Kiswahili, mamia kwa mamia: mrudisheni mtoto kwa wajomba zake. Mashabiki wa nchi nyingine, ambao nao walikuwa wanalia kwa lugha zao, wakashangaa ni wajomba gani. Mtu mmoja wa Brazili akawajibu kwa alama za machozi, na jibu lile lilisomwa kijiweni kama salamu ya rambirambi.

Mabishano yalipozidi, mtu mmoja akamwuliza Bibi Paskalia. Huyu ni mama mtu mzima wa Matombo, kule milimani, aliyekuwa ameteremka kukaa na binti yake, na sinema aliziona tangu alipofika, kila jioni, akiwa na rozari mkononi na mguu mmoja juu ya benchi. Wakamweleza habari ya kampuni, mikataba na hati. Bibi alisikiliza yote, halafu akauliza mama wa mtoto alisemaje kabla hajafa. Wakamjibu kwa sauti moja kwamba alimwambia aende kwa mjomba wake.

"Haya, kesi imekwisha," akasema. "Hao wenye kampuni wakae na jina, wakae na zile nguo za kubana. Mtoto ni wa kwao."

Watu walicheka, wakampigia makofi. Mwanvita naye alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Hukumu ya Bigwa ilikuwa imesimama juu ya maneno aliyoyaongeza yeye.

Hukumu haikurudisha watu bandani. Mwaka ule ulikuwa mgumu. Wa upande wa Mjomba walisusa, wa upande wa Kimbunga walikuja wachache na kuondoka mapema, kwa sababu filamu haina raha kama hakuna wa kubishana naye. Siku za mpira tu ndipo banda lilipofurika, na mpira hauhitaji mfasiri. Abdulatif si mtu mbaya. Alivumilia, alizungukazunguka, mwishowe Ramadhani ilipokuwa inaelekea ukingoni akamwita Mwanvita baada ya futari na kumweleza waziwazi. Filamu mpya ya Kimbunga, ile ya kampuni moja, imefika. Itaonyeshwa Idi mosi alasiri. Watu wakiipokea, sawa. Wasipoipokea, banda litakuwa la mpira moja kwa moja, na maiki itarudi kabatini. Alisema anaona aibu kumwambia hivyo. Mwanvita alimwambia asione aibu, akaenda nyumbani, akakaa kitandani na buibui lake bado liko mwilini. Hakumfikiria Kimbunga hata kidogo. Alifikiri kwamba sauti ya Salehe inaenda kuzikwa mara ya pili.

Kesho yake alijifungia bandani peke yake akaitazama filamu. Ilikuwa nzuri, hilo lazima lisemwe. Upepo ulivuma, magari yaliruka, adui alikuwa mwanamke mwenye akili kuliko wote waliomtangulia. Lakini Mjomba hakuwemo. Hakutajwa. Hata wimbo uliokuwa ukipigwa kila anapotokea haukuwemo, kama vile kijana alijilea mwenyewe. Kitu pekee alichokuwa nacho ni kidude alichokivaa sikioni, ambacho akikiuliza njia kinamjibu kwa sauti ya mashine: kushoto, kulia, hatari mbele. Mwanvita alimhurumia mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Alipotoka akamkuta Twalibu anamsubiri nje. Alimwamkia shikamoo kwa heshima zote, kisha akaanza kuzungukazunguka, akauliza hali ya Raya, akauliza mfungo. Mwanvita akamwambia aseme lililomleta.

"Mama Raya, yule siyo mjomba wake," akasema Twalibu. "Nimerudia zile filamu zote kwa Kiingereza chake. Hakuna mjomba. Watu wamenuniana mwaka mzima kwa kitu ulichokitunga wewe. Siku ya Idi tupe sinema kama ilivyo. Ukiongeza, nitasimama niseme."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma. Alikuwa ni mtu aliyeipenda hadithi kwa miaka, kisha akagundua kwamba alidanganywa. Mwanvita alimwambia tu amesikia, na usiku ule aliamua atafasiri kama ilivyo, neno kwa neno, halafu yatakayokuwa na yawe.

Idi ilikuja na mvua nyepesi iliyokatika kabla ya swala. Kufikia alasiri Bigwa nzima ilinukia pilau, na banda lilijaa. Walikuja wa pande zote mbili, wengi kwa hamu ya kuona wenzao wakiaibika. Watoto walikuwa na nguo mpya na miwani ya plastiki, akina mama walikaa upande wao, Bibi Paskalia mbele kabisa, kwa kuwa Idi ya jirani ni yake pia. Twalibu alikaa kwenye benchi la pili, kanzu nyeupe, mikono imekunjwa kifuani. Abdulatif alisimama mlangoni.

Mwanvita akaanza, akafasiri kama ilivyo. Kimbunga alisema alichosema, adui akasema alichosema, kidude kikasema kushoto na kulia. Hakuongeza hata kikohozi. Mwanzoni watu walitulia. Halafu mtu akauliza kwa sauti kama Mjomba atatokea mbele. Mwingine akamwambia Mjomba ameachwa kwenye mkataba. Benchi la nyuma likaanza mazungumzo yake. Watoto wakaanza kuonyeshana viatu. Kijana mmoja aliinuka akatoka, wawili wakamfuata, na Mwanvita akamwona Abdulatif anatoa simu na kutazama ratiba ya mechi. Aliendelea kufasiri. Maneno yote yalikuwa sahihi, na yalikuwa yanadondoka sakafuni.

Ikafika sehemu ya daraja. Kimbunga yuko juu ya daraja linalokatika, usiku, basi limejaa abiria linaning'inia, na upepo umemkataa. Anashika sikio. Anauliza afanye nini. Mashine inamjibu kwa Kiingereza kwamba hakuna njia.

Mwanvita alimtazama yule kijana usoni. Aliona mtoto aliyefiwa na mama na kunyang'anywa mjomba, anauliza mashine. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kitufe cha sauti, ukakizungusha mpaka mwisho, filamu ikawa bubu. Akakohoa kidogo.

"Nakusikia, mpwa wangu," akasema kwa sauti ya Salehe. "Usinitafute kwa macho. Wamenikataza kuonekana. Hawajanikataza kusema."

Pale nyuma mazungumzo yalikatika. Kisha banda likalipuka. Watu walipanda juu ya mabenchi. Watu wa upande wa Kimbunga waliwakumbatia wa upande wa Mjomba bila kuulizana walikuwa upande gani. Wale vijana waliotoka walirudi mbio wakisukumana mlangoni, wakiuliza amesema nini, amesema nini, na wenzao wakawarudishia maneno yale moja baada ya jingine. Bibi Paskalia aliinua rozari juu, akatikisa kichwa kama mtu ambaye alikuwa anajua tangu zamani.

Mwanvita hakungoja kelele ziishe. Kila Kimbunga aliposhika sikio, Mjomba alikuwepo. Alimwambia asiusukume upepo, auombe. Alimkemea alipotaka kulipiza kisasi. Alimuuliza kama amekula, na akina mama wakacheka kwa sababu mjomba wa kweli lazima aulize hivyo hata daraja likianguka. Basi likaokolewa. Kama ile mashine ilikuwa inasema kitu kingine, hakuna aliyeisikia wala aliyeitaka.

Twalibu akasimama.

Kelele zikapungua, maana watu walijua Twalibu ndiye anayekijua Kiingereza. Hamza akamwuliza kwa sauti ya kila mtu kusikia kama kweli yule sikioni ni Mjomba. Mwanvita alikuwa bado na maiki mdomoni. Akajiambia basi, imekwisha, na hakujuta. Akaendelea kufasiri huku anamtazama. Twalibu alibaki wima, anatazama skrini, na watu nyuma yake wakimwambia akae chini hawaoni.

Filamu ilikuwa imefika mwisho wake. Adui anaangusha jengo zima, na Kimbunga anafukiwa chini, kama mama yake alivyofukiwa. Kidude kimemtoka sikioni, kimepasuka. Ameinamisha uso kwenye vumbi, damu puani, na midomo yake inacheza, lakini hata kwenye filamu yenyewe pale hakuna neno. Ni muziki tu. Hapo ndipo mfasiri anapaswa kumsemea. Mwanvita akafungua mdomo. Aliiona baiskeli, kifurushi cha nguo, njia ya Dakawa yenye vumbi, mgongo wa Salehe mbele yake. Machozi yakamjia na sauti haikuja. Skrini ikawa kimya, kijana anakufa, na mfasiri hana neno.

"Mjomba."

Mtu mmoja alisema hivyo. Hakupiga kelele, alisema kama anamsaidia mtu aliyesahau. Mwanvita akageuka. Alikuwa Twalibu, yuko wima kwenye kanzu yake nyeupe, uso umelowa. Akarudia, kwa nguvu sasa, na Hamza akadakia, akina mama wakadakia, watoto, Bibi Paskalia kwa sauti ya milimani inayovuka mabonde. Banda zima, pande zote mbili, liliita Mjomba, Mjomba, Mjomba, mabati yakawa yanatetemeka, mpaka watu waliokuwa wakipita barabarani wakaingia kutazama kuna nini.

Na Kimbunga akanyanyua kichwa. Filamu ilikwisha kutengenezwa hivyo, ni kweli, steringi, yaani shujaa wa picha, lazima anyanyuke. Lakini aliyekuwepo hatakubali. Aliyekuwepo atakuambia kwamba walimwita ndiyo akanyanyuka. Upepo ukaja, kifusi kikapaa, na sauti ya Mwanvita ikamrudia nzima. "Niko hapa," akasema Mjomba. "Nilikuwa hapa muda wote."

Ilichukua muda mrefu watu kutoka, kwa sababu hakuna aliyetaka kutoka. Vijana walimzunguka Twalibu wakimtaka aseme, kwa ukweli wa Mungu, filamu ilisema nini kwa Kiingereza. Alijifuta uso kwa mkono wa kanzu. Aliwajibu kwamba filamu imesema kama Mama Raya alivyosema, na kama kuna mtu ana wasiwasi aende akajifunze lugha. Halafu akaja mbele, akasimama mbele ya Mwanvita bila kujua aweke wapi mikono yake. Mwanvita alimwuliza kwa nini hakusema. Alijibu kwamba alisimama ili aseme, na alipofungua mdomo likatoka lile.

Mwanvita alikuwa ameanza kuzungusha waya wa maiki ili aiweke kabatini. Abdulatif akaja akiwasukuma watu, jasho linamtoka, akamshika mkono.

"Bi Mwanvita, iache hapo hapo," akasema. "Nje kumejaa mpaka barabarani. Wanaitaka tena, tangu mwanzo."

Mwanvita akamkumbusha kwamba jioni ile kulikuwa na mechi. Abdulatif alisema mechi wakaitazame kwingine, na akaenda kufungua milango yote miwili.

Mwanvita akakaa. Raya, aliyekuwa ameketi na akina mama, akamletea maji, akayanywa yote. Watu walikuwa wanaingia kwa fujo, wapya wakigombea nafasi na wa zamani wakikataa kuachia mabenchi, na hakuna aliyeuliza mwenzake ni wa upande gani. Taa ikazimwa, picha ikatokea. Safari hii hakusubiri daraja. Aligusa kitufe, akakohoa kidogo, na Mjomba akaanza kusema tangu picha ya kwanza.